Santuri za Siti na Khofu ya Mashabiki

Barza yetu sisi vijana ipo Mji Mkongwe, hatua chache tu kutoka Jaws Corner, pale wazee wanapocheza bao na dhumna na kunywa kahawa chungu kwa vikombe vidogo. Wazee hubishana siasa. Sisi hubishana mpira, na mpira ukimalizika tunaingia kwenye filamu. Jioni moja mabishano yalikuwa makali hata muuza kahawa akasimama kutusikiliza. Hoja yenyewe ilikuwa hii: nani kaiharibu Pixar?

Kwa asiyeijua, Pixar ni ile kampuni ya katuni ya Marekani yenye kitaa cha mezani kinachorukaruka mwanzo wa filamu. Wengi wetu tumekulia na Toy Story na Finding Nemo, kwa CD zilizochakaa ambazo zilikuwa zikiganda pale pale raha inapoanza.

"Usiniambie kitu," alisema mmoja wetu. "Tangu Disney wainunue, basi tena. Kila siku sehemu ya pili, sehemu ya tatu, sehemu ya nne. Hadithi mpya ziko wapi?"

"Sheikh, Up ilitoka lini? Na Coco je?" akamjibu mwengine. "Zote hizo zimetoka Disney keshanunua. Kama kaiharibu, basi na aharibu tena!"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikutia neno, na wenzangu walishangaa, maana katika barza ile mwenye mdomo ni mimi. Siku hiyo mfukoni nilikuwa na karatasi. Mtayarishaji mmoja wa filamu wa kutoka Bara alikuwa ameisoma hadithi yangu ndefu, kaipenda, na anataka kuinunua. Karatasi ilisema kwamba namuuzia haki zote za hadithi ile, pamoja na majina ya wahusika, kwa malipo ya mara moja, na milele. Fedha zenyewe si haba kwa kijana aliyemaliza skuli akakaa nyumbani. Nilikuwa na wiki mbili za kujibu.

Kwa hivyo wenzangu walipokuwa wakiwagombania Disney na Pixar, mimi nilikuwa nagombana na nafsi yangu. Usiku ule nikaanza kusoma. Nilianza na Marekani, nikaishia Fumba, kusini ya kisiwa hiki hiki cha Unguja. Niliyoyapata ndiyo ninayokuleteeni, wenzangu mnaoandika.

Samaki mkubwa na samaki mdogo

Pixar ilianza kama idara ya kompyuta ndani ya kampuni ya George Lucas, yule bwana wa Star Wars. Mwaka 1986 Steve Jobs, aliyekuwa ametoka Apple, aliinunua idara ile kwa dola milioni 5, akatia na milioni 5 nyengine za mtaji. Kwa miaka mingi ilikuwa ikimla fedha tu. Halafu mwaka 1995 ikatoka Toy Story, filamu ndefu ya kwanza duniani iliyotengenezwa yote kwa kompyuta. Pixar waliitengeneza, Disney waliigharamia na kuisambaza. Ilikuwa ndoa ya kuhitajiana: mmoja ana kipaji, mwengine ana fedha na njia za kuifikisha kazi kwa watu.

Ndoa ikaingia mdudu. Mapema mwaka 2004 mazungumzo ya mkataba mpya yalivunjika. Na hapa, ndugu msomaji, pana jambo lililonifanya niitoe ile karatasi mfukoni na kuisoma upya. Kwa mkataba wa zamani, Disney walikuwa na haki ya kutengeneza sehemu za pili na za tatu za filamu zile bila ya Pixar. Wakafungua studio yao ya pembeni, ikaitwa Circle 7, na kazi yake moja kubwa ikawa kuandaa Toy Story 3 bila ya wale walioizaa Toy Story. Hebu fikiri. Umemzaa Woody, umempa sauti, kofia na wivu wake, kisha mtu mwengine anamlea na wala hana haja ya kukubishia hodi.

Kilichowarudisha pamoja ni ukweli mmoja ambao mkuu mpya wa Disney, Bob Iger, ameueleza mwenyewe. Mwezi Septemba 2005, kwenye ufunguzi wa bustani ya Disney ya Hong Kong, alikuwa akitazama gwaride la wahusika wa katuni likipita. Akagundua kwamba katika wahusika wa miaka kama kumi ya karibuni, wote waliokuwa na maana walikuwa wa Pixar. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa haizai tena. Tarehe 24 Januari 2006 ikatangazwa kwamba Disney inainunua Pixar kwa hisa zenye thamani ya dola bilioni 7.4.

Mashabiki walikhofu, na khofu yao haikuwa ya kijinga. Samaki mkubwa akimmeza mdogo, ni nani anayebaki na tabia yake? Walidhani wale wachoraji wa Pixar watakuwa makarani, na kila hadithi itapimwa kwa idadi ya fulana na midoli itakayouzwa.

Sasa tazama yaliyotokea. Circle 7 ilifungwa, na Toy Story 3 ikarudi mikononi mwa wenyewe. Ed Catmull na John Lasseter, waliokuwa vichwa vya Pixar, walipewa kuongoza nyumba zote mbili, ya kwao na ile kongwe ya Disney. Na kabla ya yote hayo, watu wa Pixar walikaa wakaandika kwa kalamu yao mambo wasiyotaka yaguswe: namna wanavyofanya kazi, desturi zao, hata vitu vidogo ambavyo mgeni angeviona upuuzi. Catmull ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2014 kwamba orodha ile ilikuwa ya kurasa 7 na vipengele 59. Mnunuzi akaikubali.

Ikafuata WALL-E mwaka 2008, Up mwaka 2009, na Toy Story 3 mwaka 2010. Kisha kweli sehemu za pili zikaanza kumiminika: Cars 2 mwaka 2011, Monsters University mwaka 2013, Finding Dory mwaka 2016, na nyengine baada ya hapo. Kwa hivyo pale barzani wote wawili walisema kweli, kila mmoja kashika ncha yake.

Lakini mimi nilibakiwa na swali. Hao ni Wamarekani, wana mawakili na hisa. Je, sisi? Pana kitu chetu tulichokipenda kwa roho, kikaangukia mikononi mwa wakubwa? Jibu lilikuwa jikoni kwa bibi yangu.

Mwanamke wa Fumba

Bibi akipika huimba. Haimbi kwa kutaka kusikiwa. Ni kama mtu anayesemezana na sufuria. Asubuhi ile alikuwa akikuna nazi na kuimba nyimbo za Siti binti Saad. Nimezisikia tangu nikiwa mtoto, lakini sikuwahi kujiuliza zilifikaje kinywani mwake. Siti alifariki mwaka 1950, bibi yangu hajazaliwa. Na nyumbani kwao hakukuwa na gramafoni.

"Bibi, nyimbo hizi umefunzwa na nani?"

"Kwani nyimbo mtu hufunzwa? Mama alikuwa akiimba, na mimi nikaimba."

Siti alizaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa, wakati ambao utumwa ulikuwa bado upo Unguja. Sheria ya kuuondoa ilikuja mwaka 1897. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti akichukua vyungu kwenda kuviuza. Kiasi cha mwaka 1911 akahamia mjini, upande wa Ng'ambo. Wakati huo taarab ya hadhi ilikuwa ya kasri na ya vilabu vya waungwana, na ikiimbwa kwa Kiarabu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na mwaka 1905 kikaundwa kikundi cha Ikhwani Safaa. Siti akaja na sauti ya Fumba, akaimba Kiswahili, na waliokuwa nje ya mlango wakasikia mambo yao yakiimbwa. Aliimba mapenzi, na pia dhulma. Wimbo wake wa "Kijiti" ulizungumzia mauaji ya mwanamke mgeni na kesi iliyoendeshwa ovyo, ambapo muuaji alikimbia na mashahidi ndio waliokiona cha moto. Kwa watu wa Ng'ambo ule ulikuwa ni gazeti lao.

Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, yenye chapa ya His Master's Voice, HMV, ile ya mbwa aliyekaa mbele ya gramafoni akisikiliza sauti ya bwana wake, ilimchukua Siti na wenzake hadi Bombay kurekodi. Kampuni ile ilikuwa imeota mizizi India, na ilikuwa na kiwanda chake Calcutta tangu mwaka 1908. Wenzake Siti hawakuwa watu wa kujaziza nafasi: alikuwapo Mbaruk na fidla yake, Subeit na udi, Budda na Maalim Shaaban. Siti ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake iliingia kwenye santuri.

Hapa waandishi wenzangu nataka msimame kidogo. Santuri za zama zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba kiasi cha dakika 3. Wimbo wa taarab shughulini hauna haraka. Mwimbaji hurudia ubeti, watu hutunza, fidla hujibu, na usiku bado mrefu. Yote hayo ilibidi yabanwe ndani ya dakika 3, au wimbo ukatwe vipande viwili, nusu upande huu na nusu upande ule. Kwa hivyo wimbo ulishabanwa na mashine kabla kampuni haijauzwa kwa mtu yeyote. Anayedhani pana zama ambapo sanaa ilifika kwa watu bila ya kupunguzwa na chombo kinachoibeba, anajidanganya.

Hata hivyo watu walizinunua. Hadi mwaka 1931 zilikuwa zimeuzwa santuri zaidi ya 70,000. Kwa pwani yetu ya wakati ule hiyo ilikuwa idadi ya kutisha. Na kila santuri ilikuwa na masikio mengi kuliko mnunuzi wake, maana gramafoni ikilia ndani ya nyumba, mtaa haufungi masikio.

Milango mitatu

Biashara ikinoga, jirani huamka. HMV ilipofanikiwa kwa Siti, kampuni nyengine ziliiona pwani ya Waswahili. Columbia ikaja kurekodi. Odeon, chapa ya Kijerumani, nayo ikaja. Kwa muda mfupi, kati ya 1928 na 1930, mwimbaji wa Unguja au wa Mombasa alikuwa na milango mitatu ya kubisha. Huyu akimpunja, yupo yule. Huyu akisema wimbo wako haufai, mwengine yuko tayari. Sehemu kubwa ya sauti kongwe za taarab ya Kiswahili tulizonazo imetokana na miaka ile michache ya kushindana.

Ila milango ile haikuwa mbali mbali kama ilivyoonekana. Columbia ya Uingereza ilikuwa imeshaitia mkononi, katikati ya miaka ya 1920, kampuni ya Carl Lindström ya Berlin, na Lindström ndiye aliyekuwa mwenye Odeon. Chapa mbili, bwana mmoja.

Halafu ikaja dhiki. Mwaka 1929 soko la hisa la New York lilianguka, na santuri ni kitu cha mwanzo ambacho mtu huacha kununua akikosa fedha. Mauzo yakaporomoka dunia nzima. Mwaka 1931, kule London, HMV na Columbia, mahasimu wa miaka yote, wakaungana wakawa kampuni moja: EMI. Mwezi Novemba mwaka ule ule wakafungua studio yao ya Abbey Road, ambayo baadaye Beatles waliipa jina duniani.

Kwa London ilikuwa ni busara ya biashara. Kwa Ng'ambo maana yake ilikuwa hii: HMV, Columbia na Odeon, milango yote mitatu, sasa inafungukia chumba kimoja. Hakuna shabiki wa Unguja aliyeulizwa, wala hakuna mwimbaji aliyeitwa mezani.

Sitaki kumtwika EMI kila kosa. Dhiki ya dunia ilitufikia na sisi. Bei ya karafuu ilianguka, wenye mashamba wakazama kwenye madeni, na rupia, ambayo ndiyo fedha iliyotumika Unguja mpaka ilipoipisha shilingi mwaka 1936, ikawa adimu mfukoni. Hata kampuni zingebaki tatu, huenda zote zingekaza mkono. Lakini pana tafauti baina ya mlango uliofungwa kwa dhiki na mlango ambao hauna tena sababu ya kufunguliwa. Mwenye maduka matatu mtaa mmoja hashindani na nafsi yake. Zile mbio za 1928 hadi 1930 za kuikimbilia sauti ya Siti zikaisha, na taarab ya Unguja ikakaa miaka mingi bila ya kurekodiwa kwa kasi kama ile. Siti alikuwa hai bado, na aliishi miaka mengine kama ishirini. Fikiria nyimbo za miaka ishirini.

Hapo ndipo nilipoona kwamba mashabiki, sisi na wale wa Marekani, mara nyingi tunakhofia kisichostahili. Tunauliza: mwenye mali mpya ni nani, na ataibadilisha kazi? Swali zuri, lakini la pili. La kwanza ni: baada ya kununuliana huku, msanii amebakiwa na milango mingapi?

Na msidhani ni hadithi ya kale. Mwaka 2012 EMI yenyewe, aliyewameza wenziwe, alimezwa. Kampuni ya Universal iliununua upande wake wa muziki uliorekodiwa kwa pauni bilioni 1.2. Wasimamizi wa ushindani wa Umoja wa Ulaya waliiona khatari ile ile ya milango kupungua, wakaikubali biashara kwa sharti kwamba Universal iuze sehemu ya mali ile. Parlophone, chapa ya Beatles, ikaenda kwa Warner mwaka 2013. Mwaka 1931 watu wa Ng'ambo hawakuwa na wa kuwasemea hivyo.

Si kampuni peke yake

Nikisema wakubwa, msiwaone Wazungu tu. Mwaka 1958 kilianzishwa hapa kikundi kwa jina la Shime Kuokoana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikawa chini ya serikali, na kikajulikana kwa jina la Culture Musical Club. Kilichukuliwa na mkono wenye nguvu kuliko kampuni yoyote. Nacho, badala ya kufa, kilikuja kuwa miongoni mwa vikundi vikubwa vya taarab, kikasafiri Ulaya na kwengineko, na waimbaji wengi wametokea humo. Mwimbaji akiwa chini ya serikali huwa na ala na ukumbi, lakini huwa pia na wa kumtazama anaimba nini. Kupewa na kufungwa vimekuja katika kikapu kimoja. Ndivyo ilivyo kwa kila tajiri anayeikumbatia sanaa, awe serikali, awe Disney.

Kwa hivyo kipi kilichoziokoa nyimbo za Siti? Mwenye santuri ni kampuni, na kampuni zimebadilisha mikono. Santuri zenyewe ni kitu cha kuvunjika. Ukiidondosha moja sakafuni, basi tena. Ziliokolewa na watu waliozishika kwa moyo. Bi Kidude, aliyekuwa akisema kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti, alizibeba nyimbo zile mpaka uzeeni, akapewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, akaendelea kuimba karibu mpaka alipofariki tarehe 17 Aprili 2013. Shaaban Robert alimwandikia Siti wasifu. Waandishi wa habari wanawake wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987, waliliita gazeti lao Sauti ya Siti. Na yupo bibi yangu na nazi yake.

Nilirudi jikoni nikamuuliza. "Bibi, hizi nyimbo za nani hasa?"

"Za Siti."

"Na zile santuri?"

"Za Mzungu."

"Siti alipata nini?"

Akasita kukuna. "Alipata jina, mwanangu. Jina zuri. Lakini jina halinunui mchele."

Karatasi mfukoni

Desturi ya wakati wa Siti, kwa wasanii wengi wa makoloni, ilikuwa kulipwa mara moja na kuondoka. Santuri ikiuzwa moja au ikiuzwa elfu kumi, aliyeimba keshalipwa. Nikaitazama karatasi yangu. Miaka inakaribia mia tangu ile safari ya Bombay, na mimi kijana wa Unguja naletewa maneno yale yale: malipo ya mara moja, haki zote, milele.

Wapo watakaoniambia: kijana, wewe si Pixar. Kweli, sina kurasa 7 wala vipengele 59. Lakini nilipoipima habari ya Siti na ya Pixar pamoja, niliona kilichowatenga si utajiri peke yake. Wale wa Pixar waliandika wanachotaka kabla ya kutia saini. Baada ya saini hakuna cha kuandika, kuna kulalamika tu barzani.

Basi nikaandika vipengele vyangu vitatu. Cha kwanza, jina langu lionekane kwenye filamu kuwa ndiye niliyeitunga hadithi. Cha pili, nauza haki ya kutengeneza filamu moja tu. Akitaka sehemu ya pili, na wahusika wangu wakitumika tena, tunakaa tunazungumza upya. Cha tatu, kitabu kinabaki changu. Nilikwenda pia kuuliza, na mnaoandika lazima mlijue hili: Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na ipo COSOZA, yenye kazi ya kusimamia haki za watunzi na wasanii. Wenzetu wa Bara wana sheria yao na COSOTA yao. Usione haya kwenda kuuliza. Haya huja baadaye, siku ya kumuona mtoto wako anaitwa kwa jina la baba mwengine.

Nikampelekea mtayarishaji yule karatasi yenye masahihisho yangu. Jibu lilikuja baada ya siku nne, mstari mmoja: "Sisi hatuna utaratibu huo, kama hutaki wapo wengi." Wiki mbili zikapita. Fedha sikuzipata. Nyumbani nilinuniwa kidogo, na sikatai kwamba usiku mmoja nilijiona mjinga, nimeringa na njaa zangu. Hadithi yangu mpaka leo iko chini ya mto, kurasa 212 za mwandiko wa mkono.

Sisemi kwamba kila anayeuza kakosea. Mtu ana mtoto mgonjwa, ana kodi ya nyumba. Siwezi kumhukumu, na Siti simhukumu. Bila ya ile safari ya Bombay, leo tusingekuwa na sauti yake hata moja ya kusikiliza. Ninalosema ni kwamba tusiuze huku tumefumba macho, na mlango wa kwanza tusiuhisabu kuwa ndio wa mwisho. Na ikiwa kweli milango ni michache, basi kazi yetu vijana ni kuongeza mmoja, hata kama ni mdogo, hata kama ni kijigazeti cha kurasa chache kama hiki unachokisoma.

Jana nilirudi barzani. Wale wawili bado wanabishana. Wakaniuliza, haya bwana mwandishi, wewe ulikuwa kimya, tuambie: nani kaiharibu Pixar?

Nikawaambia wasogee nikae, na waagize kahawa, maana kisa chenyewe kinaanzia Fumba.